Omer Byamungu, Msukumaji wa Magari ya Kasi Hadi Koni ya Kwanza

Marehemu Omer Byamungu alizaliwa tarehe 14 Machi 1967 katika mtaa wa Kadutu, mjini Bukavu, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto saba wa marehemu mzee Cirhuza na marehemu mama M'Lubala. Familia imekubaliana kwamba maisha yake yasomwe yote leo bila kuruka kitu, pamoja na mambo ya tarehe 18 Oktoba kule kusini mwa Houston. Tangu afariki yamesemwa mengi kwenye simu na kwenye makundi ya WhatsApp, kwamba mbio za magari ndizo zilizomuua, na kwamba aliyempeleka kwenye mbio hizo ni binti yake. Maneno hayo yamekwisha kumfikia binti huyo, Fanny. Mdogo wa marehemu, Fidèle, ambaye ndiye msomaji, ameombwa ayaweke sawa kabla kaburi halijafukiwa.

Tangu utotoni Omer alikuwa mtu wa wasiwasi, na hilo halisemwi kwa kumdharau. Kadutu ni mtaa wa mlimani. Mvua ikikaza, udongo huporomoka na nyumba zake, na watoto wa huko hujifunza kulala wakiisikiliza. Omer aliisikiliza hata kiangazi. Alikuwa akiinuka kwenye chakula kabla ya kushiba ili ahakikishe mlango umefungwa na makaa yamezimwa, na akirudi anakuta wadogo zake wamemaliza samaki. Fidèle anakiri hapa mbele ya watu kwamba samaki wengi wa marehemu aliwala yeye.

Alisoma shule ya msingi papo hapo Kadutu kuanzia mwaka 1973 hadi 1979, akaendelea na shule ya ufundi upande wa mekanika, akapata diploma ya taifa mwaka 1987 kwa asilimia hamsini na nane. Mwalimu wake wa karakana aliandika kwenye buletini, ripoti yake ya shule, kwamba kijana huyu hukaza bulon, yaani bolti, huilegeza ili aone kama ilikaza, kisha huikaza tena, na kwa sababu hiyo humaliza wa mwisho. Buletini ilipotea vitani, lakini maneno hayo watoto wake wote watatu wanayajua.

Kuanzia mwaka 1988 alikuwa fundi wa kusafiri na lori la saruji kati ya Bukavu na Uvira. Huko ndiko alikojifunza kusukuma. Betri zilikuwa zimekufa, stata zilikuwa zimelika, na hapakuwa na lori lililowaka asubuhi bila mikono ya watu. Walikuwa na namna yao. Injini ikianza kukohoa, watu hawakuachia, bali waliongeza nguvu na kupiga kelele mpaka dereva atoe mkono dirishani, kwa sababu ikizima kwenye mwinuko mnaanza upya, na mara hiyo lori linarudi nyuma juu yenu. Kuachia mapema kulihesabiwa kuwa ni roho mbaya. Omer alisukuma hivyo miaka kumi na sita, na mwili wake ulizoea.

Tarehe 7 Agosti 1999 alifunga ndoa takatifu na Généreuse M'Nshombo katika parokia yao ya Kadutu. Siku ya harusi alitoka ukumbini mara tatu kwenda kuangalia kama gari walilokodi lina maji kwenye rejeta. Mara ya tatu bibi harusi alimfuata na gauni lake, akamwambia kama anataka kuoa rejeta aseme mapema wageni warudi kwao. Mungu aliwajalia watoto watatu: Fanny mwaka 2000, Heritier mwaka 2003, na Précieux mwaka 2009.

Juni 2004, vita vilipoingia Bukavu, familia ilikimbia na kuishia katika kambi ya Nakivale, Uganda, ambako walikaa miaka kumi. Njiani Omer aliwahesabu watu wake kila walipopumzika. Walikuwa wanne tu, lakini aliwahesabu kwa sauti, na alipofika wanne alianza tena. Tabia hiyo haikumtoka. Tarehe 23 Julai 2014 walipofika uwanja wa ndege wa hapa wakiwa watano, aliwahesabu mbele ya ofisa wa uhamiaji, naye ofisa akangoja amalize.

Walianzia Fort Worth, na mwaka 2016 wakahamia Grand Prairie, karibu na ghala ambako marehemu aliendesha forklift, gari la kuinulia mizigo, hadi mwaka huu. Généreuse alipata kazi ya kuwatunza wazee kule Irving. Mwaka 2017, kwenye sherehe ya ubatizo huko Houston, Omer alikaa meza moja na Mtanzania mmoja wa Bukoba, Gelasius, mchomeleaji, ambaye badala ya kuzungumzia siasa za nyumbani alitoa simu na kuonyesha picha za gari alilolijenga mwenyewe. Lilikuwa refu, jembamba, na dereva wake hulala ndani kama mgonjwa kitandani. Halikuwa la kuzunguka na kupigana vikumbo. Lilikwenda mbele tu, maili moja iliyonyooka kwenye uwanja wa zamani wa ndege, na kazi yake ilikuwa kupimwa lina kasi gani mwishoni.

Wengi hapa mtajiuliza gari la kasi namna hiyo linasukumiwa nini. Jibu ni kwamba gia zake ni ndefu mno. Zimepangwa kwa ajili ya mwisho wa njia, si mwanzo wake, na likijaribu kuondoka lenyewe linaunguza klachi au linazima. Basi lori dogo, pick-up, huligusa kwa nyuma na kulisukuma mpaka lifike kama maili hamsini kwa saa. Hapo dereva wa mbele huachia klachi, injini inashika, lori linabaki, gari linakwenda zake. Gelasius alikuwa na gari lakini hakuwa na msukumaji wa kuaminika. Omer alisikiliza mpaka mwisho, akasema kazi hiyo aliifanya miaka kumi na sita bila kujua kwamba ni mchezo.

Siku yake ya kwanza, mwezi wa Novemba 2018, nusura iwe ya mwisho kwa Gelasius. Injini ilishika mapema, vizuri kabisa, na kanuni ilikuwa kwamba ikishika tu, lori liachie. Lakini Omer alisikia injini ikikohoa, na mwili wake ukarudi njia ya Uvira. Akaongeza gesi, akapiga honi, akapiga na kelele peke yake ndani ya lori. Bampa lilibana mkia wa gari lililokuwa limeshaanza kukimbia lenyewe, nao mkia ukayumba kushoto, ukayumba kulia, vumbi likafunika kila kitu. Gelasius alilirudisha kwenye mstari kwa neema ya Mungu. Chama cha mbio kilimsimamisha Omer msimu mzima. Yeye mwenyewe hakula siku mbili, na kwa wiki kadhaa alikuwa akimpigia Gelasius simu kumuuliza kama shingo haimuumi.

Mtu mwingine angeacha. Omer alichukua kitabu cha kanuni za kusukuma, akakitafsiri kwa mkono wake katika karatasi mbili, akazibandika kwenye friji. Lori na gari vigusane vikiwa vimesimama, kamwe si vikiwa mwendoni. Vikishaachana visigusane tena. Mwisho wa kusukuma ni koni ya kwanza ya rangi ya machungwa, injini iwe imeshika au haijashika. Ndani ya lori awe dereva peke yake, na mkanda, na kofia ngumu. Kwenye redio aseme neno moja tu, kwamba ameachia. Atoke kulia, asitoke kushoto, maana kushoto ndiko gari la wagonjwa linakongojea. Na asubuhi ya mbio msukumaji aweke sahihi kwamba ni mzima, hana kizunguzungu wala ugonjwa wa kumfanya apoteze fahamu. Kila jioni, Généreuse akisonga bugali, Omer alisimama mbele ya friji na kuzisoma kwa sauti. Aliporudishwa mwaka 2020 hakukosea tena. Lakini wasiwasi wake sasa ulikuwa umepata anuani.

Kisha Fanny akaingia kwenye gari lile. Alikuwa akisomea uhandisi kule Arlington, na likizo zake alizimalizia Houston akimsaidia Gelasius karakanani. Mwaka 2022 Gelasius, ambaye macho yake yalikuwa yameanza kupungua nguvu, alimkabidhi usukani. Omer hakusema hapana. Alisema “tutaona”, na kwa miaka mitatu aliyemsukuma Fanny ni yeye. Alimwambia Fidèle kwamba katika maisha yake yote hajawahi kuogopa kitu kama zile sekunde kumi ambazo kisogo cha mtoto wake kilikuwa mbele ya bampa lake. Alipoulizwa kwa nini basi asimwachie mtu mwingine, alijibu kwamba mtu mwingine hataogopa vya kutosha.

Ugonjwa ulijitokeza Machi 2025. Akiwa kazini alizimia sekunde chache, forklift ikasimama yenyewe. Daktari wa moyo alimweleza waziwazi kwamba mapigo yake yanakatika, kwamba anaweza kupoteza fahamu wakati wowote bila dalili, na kwamba asiendeshe chombo chochote mpaka awekewe kifaa kifuani cha kuushtua moyo. Kifaa kilihitaji vibali vya bima na foleni ndefu. Omer aliomba ahamishiwe upande wa kufungasha, akasingizia mgongo. Barua ya daktari aliificha ndani ya kitabu cha maelekezo cha pick-up yake ya kusukumia. Mtu ambaye hakuweza kulala bila kukagua kitasa mara tatu aliendelea kuendesha gari, na hakumwambia mtu.

Sababu ilikuwa Fanny. Chama hakimruhusu dereva kuvuka maili mia mbili kwa saa mpaka apande ngazi za leseni moja baada ya nyingine, na Fanny alikuwa amebakiwa na ya mwisho, inayopatikana kwa kuvuka hizo mia mbili zenyewe. Mbio za Machi zilivunjwa na mvua. Zilizobaki mwaka huo zilikuwa za Oktoba, na msukumaji lazima awe ameandikishwa kabla ya mwisho wa Septemba, akiwa amefanya majaribio matatu mbele ya msimamizi. Omer aliona kwamba akisema ukweli, Fanny atalifuta jina lake mwenyewe kwenye orodha ya mbio. Akinyamaza, atasukuma. Alikaa na hilo miezi mitano, na alikonda.

Jumapili ya tarehe 24 Agosti Généreuse alitafuta karatasi za bima kwenye pick-up, akaiona barua. Aliisoma yote akiwa amesimama kwenye maegesho, akaingia nayo ndani.

“We Omer, ii barua ni ya lini?”

“Ya mwezi wa tatu.”

“Na unanipelekaka ku kazi kila asubui na ii moyo?”

“Ninaendeshaka polepole.”

“Polepole! Moyo ikizimika, polepole itasaidia nini?” Aliiweka barua mezani. “Fanny anajua?”

“Hapana. Akijua atafuta jina yake. Mutoto amengojea sana.”

“Na ukizimia nyuma yake, mguu iko ku gesi?”

Omer alivuta kiti akakaa. Baadaye alimwambia Fidèle kwamba picha hiyo alikuwa ameiona kila siku tangu Machi, akiwa macho na akiwa amelala, na kwamba kuisikia kinywani mwa mke wake ndiko kulikomvunja. Généreuse alinyoosha mkono.

“Basi nipe funguo. Tena unifundishe.”

Ni haki isemwe kwamba wa kwanza kuombwa asukume alikuwa Fidèle. Omer alimpigia siku iliyofuata. Fidèle alisema atafikiri, akafikiri wiki nzima bila kupokea simu, kule Garland anakoishi. Aliogopa, na hana maneno mengine ya kulipamba jambo hilo. Ilibaki Généreuse, aliyejifunza kuendesha gari akiwa na miaka arobaini na tatu, ambaye mpaka leo akitaka kuingia barabara kuu huzima redio na kuwaomba abiria wasipumue kwa nguvu.

Walifanya mazoezi Jumapili nne mfululizo kwenye maegesho ya parokia, watu wakishaondoka misani. Fidèle, kwa aibu, alikubali kukaa mbele ndani ya Corolla yao kuukuu iliyozimwa, akisukumwa. Alisukumwa mpaka akaijua kila ufa wa lami. Mara ya kwanza Généreuse alishika breki kabla hata ya kugusa. Mara ya pili aligusa, Fidèle akauma ulimi. Omer alikimbia kandokando akipaza sauti, jambo ambalo daktari angelikataza, mpaka mkewe akasimamisha lori na kuteremsha kioo kidogo.

“Omer. Kanuni inasema ndani ya lori ni dereva mumoja. Na sauti yako pia ibakie inje.” Akapandisha kioo.

Jambo ambalo hakuna aliyelitazamia ni kwamba kanuni zenyewe hazikuwa na haja ya kufundishwa. Alikuwa amezisikia miaka sita akisonga bugali. Alizijua kwa mpangilio wake, hata zile ambazo Omer alizisahau alipokuwa na woga, na alimsahihisha mara mbili. Tarehe 27 Septemba alifanya majaribio yake matatu mbele ya msimamizi, akapita. Fanny aliambiwa tu kwamba baba ana shida ya goti na atasukumwa na mtu mwingine. Généreuse aliukubali uongo huo kwa sharti moja, kwamba jioni ya mbio, zikiisha vyema au vibaya, Omer aseme mwenyewe.

Jumamosi ya tarehe 18 Oktoba waliondoka Grand Prairie kabla ya alfajiri wakashuka hadi Houston, Fidèle akiendesha. Njia nzima Omer aliuliza kama kofia ya mama imepakiwa, na njia nzima ilikuwa kwenye mapaja yake. Uwanjani joto lilikuwa kali na upepo wa kando ulivuma. Gelasius alikuwa zamu ya mwisho wa njia, anakopokea gari. Fanny alipomwona mama yake akipanda kwenye lori alicheka kwanza.

“Maman? Wait, seriously?”

“Seriously,” alijibu Généreuse, na kufunga mkanda.

Saa nne na dakika arobaini waliondoka. Omer alisimama nyuma ya uzio na mkono kifuani, na Fidèle alisimama karibu naye kwa namna ya kuweza kumdaka. Lori liligusa taratibu, likasukuma, mwendo ukapanda. Injini ilikohoa. Ikakohoa tena. Koni ya machungwa ilikuwa inakuja, na kila mtu aliyekuwa pale alisikia kwamba injini inakaribia, imebakiza pumzi moja. Généreuse aliachia. Alisema neno lake moja kwenye redio, akatoka kulia, akasimama. Mbele yake gari la binti yake liliteleza bila sauti, likapunguza mwendo, likafa katikati ya njia. Zamu ikawa imepotea.

Fanny alirudi akivutwa, akatoka na kofia mkononi, machozi yamemlenga.

“Maman, one more second! Ilikuwa inashika, niliisikia!”

“Koni ilifika.”

“Papa angeniongezea. Papa would've given me that second!”

Omer alikuwa amekaa kwenye kiti cha kukunja. Akainuka.

“Ni kweli,” alisema. “Ningekuongezea. Njo maana nilimupa mama yako funguo.”

Akamweleza yote palepale, bila kungoja jioni: moyo, forklift, barua, miezi mitano. Fanny alisikiliza akiwa amefungua mdomo.

“Since March? Na ulitaka kunisukuma?”

“Ndiyo. Mpaka mama yako aliona barua.”

Fanny alikaa chini juu ya lami. Gelasius, aliyekuja kutoka mwisho wa njia na kulivuta gari, alijifuta mikono akasema kwa ule utaratibu wake wa Bukoba, “Mwanangu, mama ameachia penye koni na wewe unalalamika. Mimi baba yako alinisukuma mwaka 2018. Niulize mimi.” Watu wakacheka. Omer hakucheka, alikuwa akimwangalia mtoto. Baada ya muda Fanny alinyanyuka, akamwendea mama yake.

“Utanisukuma tena?”

“Mpaka ku koni.”

“Mpaka ku koni,” Fanny akasema.

Zamu ya pili ilikuja saa tisa na robo alasiri. Omer hakuweza kutazama. Aliupa uzio mgongo na kuwauliza waliokuwa na macho.

“Imeshika?”

“Imeshika, yaya,” alisema Fidèle, akimwita kaka mkubwa kwa kikwao.

“Généreuse ameachia?”

“Ameachia.”

“Ametoka? Kulia?”

“Kulia, yaya. Amesimama.”

Hapo tu ndipo alipouliza habari za gari. Kipaza sauti kilitangaza maili mia mbili na nne kwa saa, na leseni ya Fanny ikawa imetimia. Omer alikaa palepale chini ya uzio akalia, na mdogo wake hakuwa amemwona akilia tangu msiba wa mama yao. Hayo ndiyo yaliyotokea tarehe 18 Oktoba. Marehemu hakugusa usukani siku hiyo, wala siku yoyote tangu Agosti 24.

Kifaa cha kifuani kilikuwa kimepangiwa tarehe 19 Novemba. Jumanne ya tarehe 4 Novemba, saa nne asubuhi, Omer alianguka jikoni kwake akikata mboga za lengalenga. Généreuse, kwa mafunzo ya kazi yake, alimkandamiza kifua bila kupumzika mpaka gari la wagonjwa lilipofika, na kwa mikono hiyo tulipewa siku tano zaidi. Madaktari wa hospitali ya Fort Worth waliieleza familia kwamba kasoro ile ya moyo ni ya miaka mingi, huenda alizaliwa nayo, na kwamba hakuna mbio, wala hasira, wala furaha iliyoileta. Familia inaomba hilo lifikishwe pia kwenye yale makundi ya simu.

Fanny aliendesha kutoka karakanani Houston saa nne nzima bila kusimama. Alifika kitandani akasema alichokuwa akikisema njia nzima.

“Papa, ni mimi. It's because of me. Naacha. Gelasius auze gari.”

Omer aliashiria waiteremshe barakoa ya hewa.

“Moyo huyu nilikuya naye toka Bukavu,” alisema. “Hauwezi kumuchukulia sifa. Usijipe cheo chenye si yako.” Alijaribu kucheka, mashine ikapiga kelele, muuguzi akaingia mbio, na sote tukaganda. Muuguzi alipotoka aliendelea, kwa sauti ndogo zaidi. “Nilikuogopeaka hata ukienda kununua mukate. Ungekuwa mushonaji ningeogopa sindano. Woga ni yangu, si yako. Usiibebe.”

Jumamosi ya tarehe 8 alimtuma Fidèle amletee fomu ya chama ya msimu ujao. Aliijaza akipumzika kati ya neno na neno. Mahali pa msukumaji aliandika Généreuse M'Nshombo. Mahali pa msukumaji wa akiba aliandika Fidèle, bila kumuuliza, na alipoona uso wa mdogo wake aliridhika sana. Mahali pa dereva aliacha wazi. Alisema hapo mtu hamwandikii mwingine. Akaikunja fomu na kumpa Fanny, ambaye aliiweka mkobani bila kuifungua.

Alifariki dunia Jumapili tarehe 9 Novemba 2025, saa kumi na dakika ishirini alasiri, akiwa na miaka hamsini na minane, mke na watoto wake wote wakiwa wamemzunguka. Kabla ya hapo aliwahesabu, akafika wanne, na hakuanza tena.

Ameacha mjane, Généreuse, mke wake wa miaka ishirini na sita. Ameacha wana wawili, Heritier na Précieux, ambao wamebeba jeneza leo upande wa mbele. Ameacha ndugu wanne, watatu kule Bukavu wanaosikiliza kwa simu wakati huu, na Fidèle wa hapa, msukumaji wa akiba, ambaye ataanza mazoezi Jumapili ijayo na anaomba maombi yenu. Ameacha rafiki, Gelasius, na shingo yake. Ameacha binti, Fanny, ambaye asubuhi hii kabla ya kutoka kuja kanisani alikaa kwenye meza ya jikoni, akaitoa ile fomu mkobani, akaomba kalamu.

Omer wetu, sasa ni zamu ya wengine kukesha. Amani uliyoipata duniani kwa vipande, Mungu akupe nzima, upumzike ndani yake.